Sanduku la Orlando Mwezi wa Januari

Mwezi huu tuzungumze juu ya kufungasha.

Siku hizi si jambo geni familia ya kwetu kwenda Orlando, katika jimbo la Florida huko Marekani, kuwapeleka watoto kwenye vile viwanja vikubwa vya bembea na maonyesho. Wengine ni ndugu zetu wanaoishi huko huko, Minnesota, Texas au Maryland, ambao hungojea shule zifungwe Krismasi. Wengine ni akina bibi waliokwenda kumsaidia binti aliyejifungua, wakaambiwa, "Mama, jiandae, mwezi ujao tunakwenda na wewe Florida." Safari ikishapangwa, baba hushughulika na tiketi, watoto hushughulika na kuhesabu siku, na sanduku humwangukia mama.

Ndipo swali huja: Je, Florida kuna baridi au hakuna? Ukimwuliza mmoja atakuambia, "Florida ni joto mwaka mzima, beba kaptula tu." Mwingine atakuambia, "Sisi tulitetemeka hata meno yakagongana." Wote wawili wamesema kweli, na huenda walikwenda mwezi huo huo mmoja wakapishana kwa siku tatu tu.

Tuanze na tarakimu. Katika mwezi wa Januari joto la mchana Orlando kwa wastani hufika nyuzi 22 za Sentigredi, na alfajiri hushuka hadi 9 au 10. Mama wa Nairobi akisoma hivyo atacheka, kwa sababu anaiona Nairobi yake ya mwezi wa Julai. Lakini wastani humdanganya mama anayefungasha. Nairobi ya Julai leo hufanana na ya jana. Orlando ya Januari haifanani na jana yake. Leo joto laweza kupanda hadi 28, watu wakatembea na fulana kama wako Dar es Salaam. Kesho upepo unageuka, na keshokutwa alfajiri mnaamkia baridi kama ya Njombe au Makete mwezi wa Juni, umande umeganda juu ya majani. Kwa hiyo anayekwenda huko majira ya baridi anafungashia miji miwili, Dar na Njombe, ndani ya sanduku moja la kilo 23.

Yafaa kujua sababu yake, maana ukiijua utaweza kuiona baridi ikija. Katika Amerika ya Kaskazini hakuna safu ya milima inayokatiza kutoka mashariki kwenda magharibi. Hewa ya baridi kali ikikusanyika Kanada, hushuka kusini juu ya nchi tambarare bila kizuizi, na mara nyingine hufika hadi Florida. Nako ni tambarare kuliko kote: mahali pa juu kabisa katika jimbo zima pana mita 105 tu kutoka usawa wa bahari.

Baridi hiyo haiji bila kubisha hodi. Siku moja kabla, hewa huwa ya joto na unyevunyevu, na upepo hutoka kusini. Kisha hupita mstari wa mawingu na mvua, pengine na radi, kwa saa chache. Baadaye upepo hugeuka ukatoka kaskazini-magharibi, na mbingu hutakata kabisa. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Mama anafungua pazia asubuhi, anaona jua linawaka na anga la buluu lisilo hata wingu moja, anawavika watoto kaptula. Kumbe siku hiyo ya anga safi ndiyo siku ya baridi yenyewe! Mawingu hufunika ardhi usiku kama blanketi. Yakiondoka, joto lote hupotea juu. Baada ya siku mbili tatu upepo hurudi kutoka baharini na joto nalo hurudi.

Asiyeamini kwamba Florida kuna baridi, na ajifunze kwa wakulima wa machungwa. Wilaya ambamo mji wa Orlando umo inaitwa Orange, yaani Chungwa, na zamani ilistahili jina hilo. Baridi ya Desemba 1983, ya Januari 1985 na ya Desemba 1989 iliua miti mingi sana hata wakulima wengi wakahamisha mashamba yao kusini zaidi, na mahali palipokuwa na michungwa leo pana nyumba. Tena wakubwa miongoni mwetu wanakumbuka tarehe 28 Januari 1986, chombo cha angani Challenger kilipoharibika angani sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu wote saba waliokuwa ndani, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Kiliruka kutoka pwani ya Florida, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Orlando. Usiku ule barafu ilining'inia kwenye mnara, na uchunguzi ulionyesha kwamba baridi iliikakamaza mipira ya kuzibia maungio ya roketi. Na Januari 2025, huko kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo hilo, mji wa Milton ulipata theluji ya karibu sentimita 25.

Basi, turudi kwenye sanduku. Jambo la kwanza, usifungashe kwa utabiri wa siku kumi mbele. Tayarisha nguo zote kitandani, lakini uamuzi wa mwisho uungojee utabiri wa siku tatu kabla ya kuondoka, huo ndio unaoaminika. Usitazame ile tarakimu kubwa ya mchana tu, tazama ndogo ya alfajiri, na utazame upepo. Marekani wanatumia vipimo vya Farenhaiti, ambavyo vinawachanganya akina bibi. Kuna njia rahisi: toa 30, halafu gawa kwa 2. Ukisikia 70, ni kama 20 yetu. Ukisikia 50, ni 10. Ukisikia 40, ni 5, na hapo toa glovu. Si hesabu kamili, lakini yatosha kuchagua sweta.

Jambo la pili, acha koti zito. Najua mama wa Minneapolis hatakubaliana nami, maana koti hilo ndilo linalomwokoa nyumbani kwake. Lakini katika Orlando asubuhi ya nyuzi 8 huwa adhuhuri ya nyuzi 20, na ikifika saa sita mchana koti zito limegeuka mtoto wa kubebwa. Watoto wakiwa watatu, makoti ni matatu, na mbebaji tunamjua. Badala yake mvishe mtoto kama hindi katika maganda yake: ndani fulana ya pamba, juu yake fulana ya mikono mirefu, kisha sweta jepesi la sufu au la kitambaa kile chenye manyoya mafupi, na mwisho koti jembamba lisilopitisha upepo wala mvua. Kadiri jua linavyopanda, ganda moja linavuliwa. Jua likishuka yanarudishwa. Nguo nne nyembamba zikikunjwa hazijazi hata nusu ya nafasi ya koti moja nene, na kila moja yaweza kuvaliwa peke yake siku ile ya Dar es Salaam.

Kwa miguuni, jinzi si nguo nzuri ya safari hii ingawa watoto wanaipenda. Ikilowa asubuhi itakuwa bado mbichi jioni. Suruali ya kitambaa chepesi na taitsi ndani yake ni bora. Viatu viwe raba zilizokwisha kuzoeleka, jozi mbili kwa kila mtu, kwa sababu jozi iliyolowa leo haitakauka kesho. Soksi beba nyingi kuliko unavyodhani.

Halafu kuna kanga. Nasema bila aibu kwamba hao waliotengeneza viwanja vile wangekuwa na kanga, wasingeuza mablanketi madukani mwao. Kanga mbili katika mkoba hazina uzito wowote. Mtoto akisinzia, ni shuka. Upepo ukivuma kwenye foleni, ni mtandio wa mama. Mtoto mchanga akitaka kunyonya, ni pazia. Kiti cha bembea kikiwa na maji, ni kitambaa cha kufutia. Na kitenge kizito kidogo ni kizuri zaidi jioni, mkikaa chini kungojea fataki, maana saruji ikishapoteza joto la mchana hupitisha baridi moja kwa moja mwilini.

Jioni hiyo ndiyo ya kufungashia hasa. Mwanzoni mwa Januari jua la Orlando hutua kabla ya saa kumi na mbili, na fataki huja baadaye sana, watoto wakiwa wamechoka na wamesimama mahali pamoja. Wakati wa mchana wanakimbia, damu inachemka, hawasikii lolote. Ni kule kusimama kunakoleta kilio. Tiketi ya kiwanja ni ghali, familia imeweka akiba labda mwaka mzima, kisha saa moja usiku inabidi kurudi hotelini kwa sababu ya sweta lililoachwa chumbani! Au baba anaingia duka la karibu kununua masweta matatu yenye picha ya panya, kwa bei ambayo nyumbani ingelisha familia wiki nzima. Fungu la nguo za jioni lifungwe kando, katika mfuko wa plastiki, ndani yake soksi kavu, kofia ya sufu na glovu za kila mtoto, na lisifunguliwe kabla ya jua kutua. Ukikodi kabati la kufuli karibu na mlango wa kuingilia, mfuko huo utakungoja humo.

Mtazame sana mtoto aliye katika kigari. Wewe unayesukuma unatoka jasho, na unapima baridi kwa mwili wako. Yeye ameketi tu, na upepo unampiga usoni. Mama akivua sweta, si lazima mtoto wa kigarini avuliwe. Mguse shingoni kwa nyuma, hapo ndipo utajua, maana mikono ya mtoto huwa ya baridi hata akiwa mzima. Vivyo hivyo bibi akikodiwa kiti cha magurudumu. Bibi naye ana adabu, akiulizwa atasema, "Niko salama, wanangu, msijali." Usingoje aseme. Avae taitsi nene chini ya gauni, soksi ndefu, na kilemba kifunike masikio.

Kuna mahali pawili ambapo baridi hushika ghafla. Pa kwanza ni Animal Kingdom, kimojawapo cha viwanja vinne vya Walt Disney World. Humo wametengeneza kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki wakakiita Harambe, chenye vibao vya Kiswahili, na kutoka hapo magari hupakia watu kwenda kuona twiga, tembo na simba katika safari inayoitwa Kilimanjaro. Bibi atafurahi kuwasomea wajukuu vibao hivyo, na pengine atakuwa na maoni yake. Lakini magari yale yako wazi pande zote, na asubuhi upepo wake ni ule ule wa Ngorongoro alfajiri. Mtoto apande akiwa na maganda yake yote manne.

Pa pili ni bembea za maji. Katika kiwanja hicho hicho kuna mtumbwi wa mviringo wa Kali River Rapids, ambao humlowesha mtu hadi nguo za ndani. Magic Kingdom nako kuna Tiana's Bayou Adventure, iliyofunguliwa mwaka 2024 mahali pa Splash Mountain ya zamani. Siku ya joto ni raha. Siku ya nyuzi 14 yenye upepo, mtoto aliyelowa atabaki amelowa. Ama mpande saa saba mchana jua likiwa kali na nguo za kubadilisha ziko mkononi, ama mwambie mtoto "si leo", na ushikilie neno lako hata akilia. Viwanja vya kuogelea, Blizzard Beach na Typhoon Lagoon, vyenyewe hufungwa siku za baridi, basi msiwaahidi watoto siku fulani kabla ya kuuliza. Hata hivyo nguo za kuogelea ziwemo sandukuni, kwa kuwa hoteli nyingi hupasha maji ya mabwawa yao moto, na siku ya nyuzi 27 yaweza kutokea hata Januari.

Sasa nataka kusema na akina mama wenye mtoto mwenye seli mundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli. Katika familia zetu si wachache. Kwa mtoto huyu sweta si suala la starehe. Baridi, upepo, mabadiliko ya ghafla kutoka joto hadi baridi, mwili kukosa maji na uchovu mwingi, vyote hivyo vyaweza kuamsha maumivu makali ya kumlaza hospitali, na siku moja ya Orlando ina vyote hivyo pamoja. Simsemi asiende. Aende, afurahi kama wenzake. Lakini kabla ya kukata tiketi mwone daktari wake, umweleze safari yote pamoja na ile ndege. Dawa zake, za kila siku na za maumivu, ziwe katika mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari, wala zisiingie sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Asipande bembea za maji siku ya baridi, na bwawa liwe lile la maji ya moto tu, na taulo imngojee ukingoni. Anywe maji mara kwa mara hata kama baridi imemwondolea kiu. Migahawa ya kuagizia kaunta ndani ya viwanja vya Disney hutoa maji ya kunywa bure ukiomba. Omba yasiwe na barafu. Na kila kiwanja kati ya vile vinne kina chumba cha huduma ya kwanza. Mkiingia asubuhi, ulizeni kilipo kabla ya kuuliza bembea. Maumivu yakianza au homa ikipanda, msingoje fataki.

Mtoto mwenye pumu naye, ile hewa kavu inayofuata mvua humbana kifua. Dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwa baba au mama, isikae hotelini.

Hewa hiyo hiyo hukausha ngozi zetu vibaya. Mafuta ya mgando, ya midomo pia. Krimu ya kukinga jua nayo usiidharau kwa sababu ya baridi. Nywele za wasichana zisukwe nyumbani kabla ya safari, maana hakuna mama atakayeshika kitana saa kumi na mbili asubuhi na watu watano wanangoja bafu.

Nguo hizi zote si lazima zitoke dukani. Anayesafiri kutoka kwetu na azunguke kwanza kwenye mitumba. Pale Gikomba au katika masoko ya Dar es Salaam, masweta mazuri ya sufu ya watoto huuzwa kwa bei ya chini kwa kuwa wanunuzi wake ni wachache. Baadhi yalikuja kwa meli kutoka Marekani, na sasa yanarudi kwao kwa ndege! Waliopo Marekani wanayajua maduka ya nguo zilizotumika. Na msibebe nguo za siku saba. Hoteli nyingi zina mashine za kufulia wageni, basi nguo za siku nne zikifuliwa mara moja zinatosha.

Kila mtoto aliyetimiza miaka sita abebe mwenyewe begi lake dogo la mgongoni, lenye sweta lake na chupa yake ya maji. Baba apewe koti za mvua na mfuko wa jioni. Nimeona mara nyingi familia inatembea mikono mitupu, na nyuma yao mama amejaa kama punda wa Lamu. Jambo hilo lizungumzwe nyumbani, siku ya kufungasha, lisingoje langoni mbele ya walinzi wanaopekua mikoba. Na katika mikoba hiyo vyakula mnaruhusiwa kuingia navyo, ila vyombo vya glasi wanakataza.

Siku ya kurudi, fikirini mnakoshukia. Wanaorudi Minneapolis, makoti mazito waliyokuja nayo kutoka nyumbani yawe mkononi ndani ya ndege, kwani huko wataikuta baridi iliyo chini ya sifuri mlangoni pa uwanja. Bibi anayerudi Dar es Salaam mwezi wa Januari atateremka kwenye nyuzi 31 au 32, basi chini ya masweta yote avae kigauni chepesi, na kanga yake moja iwe juu kabisa katika mkoba.